Kompyuta Mpakato Haiwaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyebonyeza kitufe cha kuwashia na kompyuta yake isiitikie, na ambaye huenda ana kazi ndani yake isiyo na nakala nyingine popote. Maswali yamepangwa kufuata njia ya umeme, kuanzia soketi ya ukutani hadi kwenye mazabodi, yaani bodi kuu iliyo ndani ya kompyuta, kwa sababu hitilafu zilizo nje ya kompyuta ndizo rahisi kukagua na hazigharimu kitu kuzikagua. Tunakuomba usianze na bisibisi. Kama kompyuta imemwagikiwa na maji au chai, au kama betri yake imevimba, usichomeke chochote. Soma kwanza majibu yanayohusu mambo hayo mawili, yaliyo katikati ya ukurasa.

Kompyuta yangu haiwaki. Nijue nini kwanza kabla ya kufanya lolote?

Jua kwanza ni ipi kati ya hali tatu uliyo nayo: umeme haufiki kabisa, umeme unafika lakini picha haionekani, au picha inaonekana lakini mfumo endeshi haufunguki. Ni hitilafu tofauti zenye gharama tofauti, na mteja anayemwambia fundi tu kwamba kompyuta imekufa humpa fundi huyo nafasi ya kutengeneza kisichohitaji kutengenezwa.

Ingia kwenye chumba chenye giza kidogo na utulivu, chomeka chaja, bonyeza kitufe mara moja, kisha angalia na usikilize kwa muda wa nusu dakika. Tazama taa iliyo karibu na tundu la chaja na taa ya kitufe chenyewe. Weka sikio karibu na kibodi usikie kama feni inavuma, hata kama ni kwa sekunde mbili tu. Kisha bonyeza kitufe cha Caps Lock mara kadhaa: kama taa yake inawaka na kuzimika kila unapobonyeza, kompyuta yako imewaka na inafanya kazi, na tatizo lako ni la skrini, si la umeme. Kipimo hiki kidogo huwaepusha watu wengi na gharama ya kununua chaja au betri wasiyoihitaji.

Hakuna taa wala sauti yoyote. Nianzie wapi?

Anzia ukutani. Chomeka kitu kingine, kwa mfano chaja ya simu, kwenye soketi ileile na uhakikishe kinapata umeme. Kisha iondoe ekstensheni na uchomeke chaja ya kompyuta moja kwa moja ukutani, kwa sababu ekstensheni zilizotumika kwa miaka hulegea ndani, zikawa zinapitisha umeme ukizisukuma upande mmoja na kuukata ukiziachia.

Plagi yenye miguu mitatu bapa, inayotumika Tanzania, Kenya, Uganda na pia Oman na nchi nyingine za Ghuba, ina fyuzi ndani yake. Fyuzi hiyo ikiungua, chaja huonekana imekufa ilhali ni nzima. Ifungue plagi, toa fyuzi, na uijaribu kwenye plagi nyingine inayofanya kazi. Waya wa chaja ya kompyuta kwa kawaida hutumia fyuzi ya ampea 3 au 5, na si busara kuiba ya ampea 13 kutoka kwenye plagi ya pasi na kuiacha humo, kwa kuwa fyuzi hiyo haitakatika kwa wakati waya mwembamba ukianza kuungua.

Baada ya hapo, kagua ule waya unaotoka ukutani na kuingia kwenye boksi la chaja. Waya huu huchomoka kidogo kidogo bila mtu kutambua, hasa kama boksi huning'inia mezani. Usukume hadi ndani. Unaweza pia kuuazima kutoka kwenye kifaa kingine chenye tundu la aina hiyohiyo, jambo ambalo ni salama, kwa sababu upande huu wa waya hupitisha umeme wa ukutani tu.

Nitajuaje kama chaja yenyewe imeharibika?

Pitisha vidole polepole kwenye waya mwembamba, kuanzia kwenye boksi hadi kwenye kichwa kinachoingia kwenye kompyuta, chaja ikiwa haijachomekwa ukutani. Mahali panapokatika zaidi ni sentimita chache za mwanzo na za mwisho, pale waya unapokunjwa kila siku. Ukihisi sehemu iliyolegea, iliyojipinda kama uzi, au ganda lililochanika hadi nyaya za ndani zikaonekana, umepata mshukiwa wako.

Mwenye malitimita, kile kipimo cha mafundi umeme, anaweza kupata jibu la hakika. Soma lebo ya chaja: sehemu ya umeme unaotoka huandikwa kwa mfano volti 19.5 na ampea 3.34, ambazo kwa pamoja ni wati 65. Kipimo kikionyesha volti zinazokaribia sana zile za kwenye lebo, chaja inatoa umeme. Kikionyesha sifuri au namba inayopanda na kushuka, imeharibika. Hata hivyo, chaja inaweza kuonyesha volti kamili ikiwa haina mzigo na kushindwa mara inapounganishwa na kompyuta, ndiyo maana kuijaribu kwenye kompyuta nyingine ya aina ileile, au kujaribu chaja nyingine nzima kwenye kompyuta yako, hubaki kuwa kipimo bora zaidi.

Taa ya chaja inawaka, lakini inazimika mara nikiichomeka kwenye kompyuta. Hii ina maana gani?

Mara nyingi ina maana kwamba kompyuta imepiga shoti ndani, na chaja inajikata ili kujilinda. Shoti hiyo inaweza kuwa kwenye tundu la chaja lililovunjika, au kwenye kapasita au mosfeti moja, vijisehemu vidogo vya kudhibiti umeme, iliyoungua kwenye mazabodi. Usiendelee kuchomeka na kuchomoa ukitumaini kwamba safari hii itakubali. Kila unapofanya hivyo unapitisha umeme kwenye sehemu iliyoharibika na unaweza kuongeza uharibifu. Jaribu chaja nyingine mara moja tu. Ikizimika nayo vilevile, hapo kazi ni ya fundi anayejua kutengeneza mazabodi, na ukimweleza dalili hii kwa maneno hayahaya utakuwa umempunguzia sehemu kubwa ya upelelezi.

Je, naweza kutumia chaja ya mtu mwingine ikiwa kichwa chake kinaingia?

Kuingia kwa kichwa si kibali. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya kompyuta yako, isipokuwa tofauti ndogo kama ya 19 na 19.5, ambayo kwa kawaida haina madhara. Ampea zinaweza kuwa sawa au kubwa zaidi, kwa kuwa kompyuta huchukua kiasi inachohitaji. Zikiwa ndogo, chaja itapata moto kupita kiasi, itajikata, au itashindwa kuiwasha kompyuta ambayo betri yake imeisha.

Dell na HP zina sindano nyembamba katikati ya kichwa cha chaja, ambayo kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa kompyuta. Kwenye Dell, sindano hiyo ikipinda au kuvunjika, kompyuta huweza kuwaka na kuonyesha ujumbe kwamba aina ya chaja haijulikani, kisha ikakataa kuijaza betri na ikafanya kazi polepole. Mwenye kompyuta hiyo huendelea kuitumia kwa siku kadhaa, betri ikaisha, na asubuhi moja haiwaki. Anadhani ni tatizo jipya, kumbe ni lilelile la sindano.

Kompyuta yangu inachajiwa kwa USB-C. Kwa nini chaja ya simu haiiamshi?

Kwa sababu chaja nyingi za simu hazina nguvu ya kutosha. Kompyuta nyingi za namna hii huomba volti 20 na wati 45, 65 au zaidi, ilhali chaja ya simu ya wati 18 au 25 huishia kwenye volti 9. Kompyuta iliyoisha betri kabisa huikataa chaja hiyo bila kuonyesha hata taa.

Waya nao una neno lake. Waya wa kawaida wa USB-C hupitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kwa zaidi ya hapo unahitajika waya wa ampea 5 wenye chipu ndogo ya utambulisho ndani ya kichwa chake. Zaidi ya hayo, si kila tundu la USB-C kwenye kompyuta hupokea umeme. Mengine ni ya data tu. Jaribu matundu yote, na kabla ya kujaribu, mulika ndani kwa tochi, kwa kuwa pamba na vumbi la mkoba hujikusanya humo hadi kichwa kisifike mwisho. Vitoe kwa kijiti cha mbao au cha plastiki, kompyuta ikiwa imechomolewa, wala usitumie sindano ya chuma.

Nimeambiwa nishikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Je, kweli inasaidia?

Inasaidia, na mara nyingi kuliko watu wanavyotarajia. Ndani ya kila kompyuta mpakato kuna kidhibiti kidogo kinachosimamia umeme, betri, kitufe na feni, na hubaki macho hata kompyuta ikiwa imezimwa. Umeme ukikatika ghafla na kurudi, au kompyuta ikizimika ikiwa katikati ya kulala, kidhibiti hicho kinaweza kukwama, na kikikwama hakisikii tena kitufe. Tiba ni kukinyima umeme wote ili kianze upya.

Chomoa chaja. Chomoa pia flashi, kipanya, kadi ya kumbukumbu na kila kilichounganishwa. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 kamili, ukihesabu bila haraka, kisha uachie. Rudisha chaja peke yake, subiri dakika moja, na ubonyeze kitufe kama kawaida. Ikiwaka, izime vizuri na ndipo urudishe betri. Hatua hii haifuti faili lolote.

Baadhi ya ThinkPad, kompyuta za Lenovo, zenye betri ya ndani zina tundu dogo upande wa chini kwa ajili ya kazi hii. Chomoa chaja, ingiza ncha ya kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, bonyeza kwa upole, subiri dakika moja, kisha rudisha chaja. Hakikisha ni tundu la upande wa chini lililoelezwa kwenye kijitabu cha mashine yako, kwa maana matundu madogo yaliyo karibu na skrini ni ya maikrofoni na huharibika yakichomwa.

Ilikaa kabatini kwa miezi mingi na sasa haiwaki. Je, betri imekufa?

Huenda imelala tu. Seli za lithiamu zikishuka chini ya kiwango fulani, sakiti ya ulinzi ya betri huzikata, na chaja hulazimika kuanza kuzijaza kwa umeme mdogo sana kabla ya kuendelea kwa kasi ya kawaida. Iache kwenye chaja kwa saa moja bila kubonyeza chochote, ndipo ujaribu. Ikikataa, fanya ile hatua ya sekunde 30 na uirudishe kwenye chaja. Betri iliyokaa bila chaji kwa muda mrefu sana huwa haifufuki, na hapo itabidi ibadilishwe. Mtu anayetaka kuhifadhi kompyuta kwa muda mrefu aiache ikiwa na takribani nusu ya chaji, mahali pasipo na joto kali.

Taa zinawaka na feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi. Nifanye nini?

Kwanza ongeza mwanga kwa vitufe vya kibodi, maana mwanga uliopunguzwa hadi mwisho huonekana kama skrini iliyozimika. Kama Windows ilikuwa inafanya kazi na skrini ikawa nyeusi baada ya kulala, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Kitendo hicho huianzisha upya programu inayoendesha picha. Kisha bonyeza Windows pamoja na P, ushuke chini kwa mshale na ubonyeze Enter, kwa kuwa huenda picha ilielekezwa kwenye projekta ya ukumbini na haijarudi.

Ikishindikana, ingia gizani na umulike skrini kwa tochi ya simu, ukiielekeza kwa pembe huku ukitazama kwa karibu. Ukiona kivuli cha maandishi au nembo, skrini inatoa picha lakini imekosa mwanga wa nyuma. Unganisha pia kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI: picha ikionekana kwenye televisheni, mazabodi iko salama, na kinachohitaji kutazamwa ni skrini au waya wake unaopita kwenye bawaba. Waya huo huchakaa kwa kufungua na kufunga, ndiyo maana picha kwenye baadhi ya kompyuta hutokea ukiufungua mfuniko nusu na kupotea ukiufungua wote.

Picha isipoonekana popote, shuku RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Fundi, au wewe mwenyewe kama unajua kufungua mashine yako na umeichomoa betri kwanza, aitoe RAM, asafishe meno yake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi ya isopropili, na airudishe hadi vishikizo vyote viwili vilie. Wako wanaotumia raba ya kufutia. Husaidia, lakini huacha chembechembe na hukwangua ule utando mwembamba wa dhahabu, hivyo hatuipendekezi. Kama kuna vipande viwili vya RAM, jaribu kimoja kimoja katika kila nafasi.

Nimeongeza RAM mpya na sasa haionyeshi kitu. Nimeiharibu?

Subiri kabla ya kujilaumu. Kompyuta za sasa, hasa zenye RAM ya DDR5, ambayo ni aina mpya ya RAM, huipima RAM mpya mara ya kwanza, na wakati huo skrini hubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Iache kwa dakika 10 ikiwa kwenye chaja. Isipoamka, rudisha RAM ya zamani uone kama itawaka. Ikiwaka, RAM mpya hailingani na mashine hiyo au haikukaa vizuri.

Taa inapepesa kwa mpangilio, au kompyuta inalia mara kadhaa. Je, hizo ni dalili za nini?

Hayo ni maelezo ambayo kompyuta inajaribu kukupa, nayo yana thamani kubwa. Yarekodi kwa video ya simu, kwa sababu mara nyingi mashine ikifika kwa fundi huwa inapepesa kwa namna nyingine au haipepesi kabisa. Kwenye Dell nyingi za miaka ya karibuni, taa hupepesa kwa rangi ya kahawia-njano idadi fulani, kisha kwa nyeupe idadi nyingine. Mbili zikifuatwa na tatu zina maana kwamba RAM haikuonekana. Mbili na moja huelekeza kwenye prosesa, chipu kuu ya kompyuta. Tatu na moja huhusu ile betri ndogo ya saa iliyo kwenye mazabodi. HP hutumia taa ya Caps Lock au ya kitufe cha kuwashia kwa namna inayofanana, ila hesabu zake ni tofauti, kwa hiyo soma jedwali la toleo lako na usikisie kwa jedwali la kampuni nyingine.

Umeme ulikatika wakati kompyuta ilikuwa inasasisha BIOS. Kuna matumaini?

Yapo. BIOS ndiyo programu ya kwanza kabisa kuamka, na ikikatizwa ikiwa inaandikwa, mashine hubaki bila maagizo ya kuanzia. Watengenezaji wengi huweka nakala ya akiba. Kwenye HP, shikilia vitufe vya Windows na B kwa pamoja, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 2 hadi 3 na ukiachie, lakini endelea kushikilia vile viwili. Skrini inaweza kubaki nyeusi kwa takribani sekunde 40 kabla ya ukurasa wa ukarabati kutokea. Kwenye Dell nyingi, chomoa chaja, shikilia Ctrl na Esc, kisha chomeka chaja huku umevishikilia. Visipofanya kazi, fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kuiandika BIOS upya bila kugusa faili zako.

Inawaka kwa muda mfupi, kisha inajizima.

Ikizima baada ya dakika chache na upande wa chini ni wa moto, imejaa vumbi au pesti ya kupozea prosesa imekauka. Ikizima baada ya sekunde mbili au tatu kila mara, ni RAM, betri au mazabodi. Itoe betri, au mwambie fundi aichomoe, na ujaribu kwa chaja peke yake. Tunaongeza jambo ambalo maelekezo ya watengenezaji hayalitaji: sisimizi na mende hupenda joto la kompyuta, na wakikaa juu ya mazabodi huacha uchafu unaopitisha umeme mahali usipotakiwa kupita.

Nimeimwagia chai. Niiweke kwenye mchele?

Hapana. Chomoa chaja papo hapo, shikilia kitufe hadi izime, na utoe betri kama inatoka. Ifungue kwa umbo la hema na uigeuze kibodi itazame chini, ili kimiminika kitoke kwa njia kilikoingilia na kisishuke kwenye mazabodi. Usiiwashe kuona kama imepona. Hilo ndilo kosa linaloua kompyuta nyingi zilizokuwa bado zinaweza kuokolewa, kwa kuwa maji peke yake hayaui haraka kama maji yakiwa pamoja na umeme.

Mchele haunyonyi kitu kilicho chini ya kibodi, bali huingiza unga na vumbi kwenye matundu. Hata maji yenyewe yakikauka, sukari na maziwa ya chai hubaki, na chumvi ya maji ya bahari hubaki na kula shaba siku baada ya siku. Ndiyo maana kompyuta huwaka vizuri wiki moja baada ya ajali, kisha ikazima moja kwa moja wiki ya tatu. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, umwambie ukweli kuhusu kilichomwagika, naye achomoe betri ya ndani na kuisafisha mazabodi kwa alkoholi ya isopropili na mswaki laini. Wakazi wa Unguja, Mombasa, Tanga na pwani yote kwa jumla wajue pia kwamba hewa ya bahari hufanya kazi hiyohiyo polepole kwa kompyuta inayokaa siku zote kando ya dirisha, hata kama haijamwagikiwa na tone.

Sehemu ya kugusia (tachipedi) imeinuka na mfuniko haufungiki vizuri. Je, nijaribu kuiwasha?

Usijaribu, wala usiichaji. Hizo ni dalili za betri iliyovimba kwa gesi. Usiibonyeze irudi, usiitoboe, na usilale nayo kitandani. Iweke juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na mapazia na magodoro, na uifikishe kwa fundi atakayeitoa bila kuikunja. Ikianza kutoa moshi au mlio wa kuchemka, ondoa watu chumbani, kwani moshi wake ni sumu. Kompyuta yenyewe mara nyingi huwa nzima ikishawekewa betri nyingine.

Je, MacBook ina hatua tofauti?

Kwa sehemu kubwa hatua ni zilezile. MacBook za Intel zilizotoka kabla ya T2, chipu ya usalama ya Apple, huanzishwa upya kidhibiti cha umeme kwa kushikilia Shift, Control na Option za kushoto pamoja na kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10. Zenye chipu ya M1, zilizoanza mwaka 2020, na zilizofuata hazina hatua hiyo; shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10, achia, kisha bonyeza tena. Mashine ikikwama baada ya kusasishwa, inaweza kufufuliwa kwa kuiunganisha na Mac nyingine kwa waya wa USB-C. Msisitizie fundi achague kufufua na si kurejesha upya, kwa kuwa kufufua huacha faili zako zilivyo, ilhali kurejesha upya hufuta kila kitu.

Faili zangu zitapona?

Kwa kompyuta nyingi za Windows, ndiyo, kwa sababu diski ni kifaa kinachojitegemea. Kompyuta inaweza kufa kabisa na diski yake ikatolewa, ikawekwa kwenye kasha la USB na kusomwa kwenye mashine nyingine. Kasha lilingane na diski: kuna SATA ya inchi 2.5, kuna M.2 ya SATA, na kuna M.2 ya NVMe, na hizi mbili za mwisho zinafanana kwa macho.

Kuna kizuizi kimoja. Kompyuta nyingi za Windows 11 huifunga diski kwa BitLocker, mfumo wa Windows wa kuficha data kwa ufunguo, bila mwenyewe kukumbuka, na diski hiyo haisomeki bila ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, utafute ufunguo huo na uunakili leo, kabla mazabodi haijaguswa. Kwenye MacBook zenye T2 au chipu za M, hifadhi imefungamanishwa na mazabodi, kwa hiyo njia ya faili ni kuitengeneza mazabodi hiyohiyo. Ukiambiwa iko mpya ya kubadilisha, uliza kwanza kuhusu data.

Fundi amesema mazabodi imekufa. Nikubali?

Muulize amepima nini. Fundi aliyechunguza atakuambia kama kuna shoti, ipo kwenye laini gani ya umeme, na kama tundu la chaja linapitisha volti. Mazabodi nyingi zinazoitwa mfu zina kapasita moja iliyopiga shoti au chipu ya kuchajia iliyoungua, na fundi mwenye vifaa vya kuchomelea vidogo huzibadilisha. Tunaheshimu kazi ya mafundi, na fundi mzuri hachukizwi na swali hili.

Kabla ya kuiacha dukani, piga picha ya namba ya mashine iliyo chini, andikiana naye ukubwa wa diski na RAM vilivyomo, na udai kurudishiwa kifaa chochote cha zamani kitakachobadilishwa. Mwandikie wazi kwenye risiti kwamba diski isifutwe. Kompyuta isiyowaka haiponi kwa kupigwa Windows upya, na anayependekeza hivyo kabla ya kupima umeme hajafika kwenye tatizo.

Nimeletewa kompyuta kutoka Marekani. Je, umeme wetu utaiunguza?

Angalia lebo ya chaja. Ikiandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240, kama ilivyo kwa karibu chaja zote za kompyuta mpakato, haihitaji transfoma. Inahitaji tu waya wenye plagi ya hapa au adapta imara ya plagi. Adapta dhaifu inayocheza ukutani hutoa cheche na kukata umeme, na ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya kwamba kompyuta ya ng'ambo haiwaki.

Hatari kubwa zaidi ni pale umeme unapokatika na kurudi, kwa kuwa mara nyingi hurudi kwa kishindo kinachopita volti 230 au 240 za kawaida. Umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani na usiirudishe hadi utulie kwa dakika kadhaa. Ekstensheni ya kawaida haizuii kishindo hicho hata kama ina swichi na taa. Nunua yenye kinga iliyoandikwa wazi.

Matengenezo yanazidi thamani ya kompyuta. Niifanye nini?

Toa diski kwanza na ubaki nayo. RAM, skrini, kibodi na chaja nzima hununuliwa na mafundi kama vipuri, na unaweza kuvitoa kama sehemu ya malipo ya mashine nyingine iliyotumika. Usiichome moto pamoja na takataka. Betri itolewe peke yake, vichwa vyake vifunikwe kwa utepe wa plastiki wenye gundi, na ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama vile WEEE Centre iliyopo Nairobi, au iachwe kwa fundi anayezikusanya kwa ajili yao.